Ukiandika "show", uwe na cha kuonyesha

Umesharudi kutoka uwandani, data iko kwenye kompyuta, na msimamizi wako anataka rasimu Ijumaa. Lugha ni Kiingereza. Utakiandika kitenzi "show" mara nyingi kuliko kitenzi kingine chochote cha matokeo, iwe ni ripoti ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM) pale Tudor, kazi ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, kule ng'ambo, Mkomani, au makala ya jarida la sayansi ya bahari la chama cha WIOMSA kule Zanzibar. Basi tukishike kitenzi hiki vizuri leo.

Anza na swali moja. Msomaji akikuuliza "wapi?", je, una pa kuweka kidole? Safu ya namba, grafu, picha, sampuli ndani ya chupa. Ukiwa nacho, andika "show". Ukiwa huna, tafuta kitenzi kingine.

Chukua visima vya Mji wa Kale. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba wenye vitundu unaopitisha maji. Tuseme umepima chumvi ya kisima kimoja Kibokoni, wiki ya bamvua na wiki ya maji mafu. Mita imesoma juu zaidi wakati wa bamvua. Andika hivi:

"Our measurements showed that the well water was saltier during spring tides than during neap tides."

Hapo "showed" imekaa mahali pake. Namba zipo, daftari lipo, yeyote anaweza kukagua.

Sasa tazama sentensi hii: "Our measurements showed that seawater enters the well through the coral rock." Hiyo ifute. Wewe hukuyaona maji yakipita mwambani. Ulipima chumvi tu. Yawezekana ni bahari. Yawezekana pia kwamba wiki ile majirani walivuta maji mengi kwa pampu, na kisima kikivutwa sana maji ya chumvi yaliyo chini hupanda. Mita haiwezi kukutenganishia mambo hayo mawili. Ukifika kwenye sababu, shika "suggest":

"This suggests that seawater reaches the well through the coral rock."

Ulichopima kipe "show". Unachodhani ndiyo sababu yake kipe "suggest". Mkaguzi wa jarida huanza kukuchunguza hapohapo, na ukipavuka salama hukusoma kwa moyo mweupe.

Unataka kupanda kutoka "suggest" hadi "show"? Usibadili kitenzi, badili kazi. Rudi kisimani. Rekodi pia kina cha maji na saa za pampu. Pima kisima kisichovutwa kabisa. Chumvi ikipanda na bamvua hata pale ambapo hakuna pampu, una kitu cha kuonyesha: kwamba chumvi hufuata bamvua hata bila kisima kuvutwa.

"Suggest" moja inatosha. Usiandike "may possibly suggest". Ukirundika tahadhari tatu kwenye sentensi moja, msomaji ataona huiamini kazi yako mwenyewe.

"Prove" iache. Ni kitenzi cha wanahisabati, nao wana haki nacho. Wewe uliyepima visima vichache vya mtaa mmoja, "show" inakutosha na inakupa heshima yote unayostahili.

Hapa sasa uwe makini sana, maana hapa ndipo watu wazima huteleza. Umelinganisha chumvi ya asubuhi na ya jioni, na jaribio la takwimu halikupata tofauti. Andika: "The test showed no significant difference between morning and evening samples." Usiandike: "The test showed that time of day has no effect." Sentensi hizi mbili si ndugu. Ya kwanza inasema hukuona tofauti. Ya pili inadai tofauti haipo. Kwa sampuli chache, tofauti ndogo inaweza kuwepo na usiione. Ukitaka lugha salama zaidi: "We found no evidence that time of day affected salinity."

Kama ulitumia hojaji, kuna kitenzi kingine. Wazee wa mtaa wa Kuze wakikwambia maji ya kisima chao yalikuwa matamu zamani, hiyo ni kauli, nayo ina thamani kubwa. Andika "Residents reported that the water used to be fresh." Usiseme "The interviews showed that the water used to be fresh." Mahojiano yanaonyesha watu walisema nini. Utamu wa maji ya zamani unahitaji kipimo cha zamani.

Wewe wa historia na akiolojia usiondoke, hili ni lako pia. Chukua Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa. Mabaki yake yalichimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980. Ukieleza mbao na vyombo vilivyotolewa baharini, "the excavation showed" ni halali. Ukinukuu nyaraka za Wareno, andika "the records state". Ukifikia maelezo ya mtafiti kuhusu kwa nini mambo yalikwenda vile, andika "argues". Mbao, nyaraka na hoja: kila moja na kitenzi chake, na msomaji ajue muda wote amesimama juu ya nini.

Ukiandika "It has been shown that...", weka rejeo palepale. Nani alionyesha, mwaka gani? Bila jina na mwaka, ifute.

Nyakati za kitenzi hazina tabu. Jedwali liko mbele ya msomaji sasa, kwa hiyo "Table 2 shows". Kipimo ulikifanya ukamaliza, kwa hiyo "Our measurements showed". Baada ya "has" au "have", ni "shown".

Umoja na wingi: "The table shows", "The results show". Kwa "data", majarida mengi ya sayansi hupenda "the data show". Chagua njia moja na uifuate hadi mwisho.

Kosa moja letu hasa, watu wa Kiswahili: "As it is shown in Figure 3". Linatoka kwenye "kama inavyoonyeshwa". Kiingereza hakitaki "it is" hapo. Andika "As shown in Figure 3" na uendelee.

Punguza mafuta pia. "Salinity showed an increase" ni maneno mengi kwa kazi ndogo. "Salinity increased" inatosha. Na usiimalize aya kwa "Figure 3 shows the salinity of the wells". Msomaji ameshasoma kichwa cha mchoro. Mwambie kilichomo: "Salinity was highest in the wells nearest the shore (Figure 3)." Mchoro unabaki kwenye mabano, ugunduzi wako unatangulia.

Kabla ya kutuma rasimu, fungua faili, bonyeza Ctrl+F, andika "show". Pita kila panapojitokeza. Uliza "wapi?" kwa sauti. Penye namba, jedwali au sampuli, acha. Penye sababu, weka "suggest". Penye kauli ya mtu, "reported". Penye hoja ya mwandishi mwingine, "argues", na mwaka wake. Kisha tafuta "prove", uitoe. Kwa ripoti ya kawaida, kazi hii inakwisha kabla kahawa haijapoa, na Ijumaa msimamizi wako atatumia muda wake kwenye visima vyako badala ya vitenzi vyako.