Jua na Maji ya Kunywa

Mama, maji ya mto hapa Fungurume yaweza kung'aa machoni, kumbe mna vijidudu vya mavi ya watu na mbuzi. Mtoto akiyanywa huhara mpaka macho yaingie ndani.

Jua lina mionzi tusiyoiona. Hiyo huharibu kijidudu ndani yake, kisiweze kuzaa tena tumboni. Twaa chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Maji ya tope yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa. Jaza, funga, laza chupa juu ya bati juani kwa muda wa masaa 6; penye mawingu, siku 2. Mvua ya kutwa? Chemsha tu.

Kwa Wamasai wa Kenya waganga walijaribu hivyo, na mwaka 1996 wakatoa habari kwamba kuhara kwa watoto kulipungua.

Lakini kriptosporidio, kijidudu cha ndama na wana-mbuzi, kina ganda gumu. Klorini haikiwezi, na masaa 6 ya jua huenda yasitoshe. Basi maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa dhaifu, chemsha. Tena jua haliondoi shaba wala asidi: maji ya machimboni usiyatie chupani kamwe.