Faraja Isiharakishwe

Mimi ni kondakta (wa okestra, si wa daladala), na leo tuangalie Kindertotenlieder, nyimbo tano za Gustav Mahler za kuomboleza watoto. Maneno ni ya Friedrich Rückert, mshairi Mjerumani aliyefiwa na watoto wawili, akaandika mashairi zaidi ya 400. Mahler alichagua matano tu. Nyimbo zilisikika mara ya kwanza Vienna, mwaka 1905.

Kishawishi cha kondakta ni kuziliza. Vuta hapa, punguza mwendo pale, ukumbi mzima utoe leso. Mimi sikubali. Mahler alitumia vyombo vichache, sauti nyembamba, kwa sababu mfiwa huyu anajikaza. Anaimba kama mtu anayeogopa kwamba akianza kulia hatanyamaza.

Kazi hasa iko wimbo wa tano. Dhoruba inavuma; mzazi analalamika kwamba watoto wametolewa nje, na yeye hakuulizwa. Hapo nawaambia wapigaji: jamani, msiilainishe. Ndipo inasikika kengele ndogo, na muziki unageuka wa kubembeleza: watoto wamepumzika, mkono wa Mungu umewafunika. Ukikimbilia hapo, faraja hiyo inakuwa kama ya yule anayeingia msibani na kusema “ni mapenzi ya Mungu” hata hajaketi.

Mwaka 1907 Mahler naye alimzika binti yake Maria, wa miaka minne. Nyimbo zilikuwa zimeshaandikwa.