Tarishi Asichague Barua

Mwanafunzi akitaka kujua habari za kupatwa kwa mwezi, siku hizi hufungua simu akazitafuta katika intaneti. Ni wachache wanaojiuliza habari hizo zimepitia mikononi mwa nani. Zimeletwa na kampuni ya simu, ambayo kazi yake ni kama ya tarishi: kuchukua barua na kuifikisha. Tarishi akianza kuilaza hii na kuikimbiza ile kwa kuwa aliyeiandika kampa bakshishi, amekwisha kuharibu kazi. Mwaka 2003 mwanasheria wa Marekani, Tim Wu, aliandika kwamba mtandao nao haufai kupendelea.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka. Ilijaribiwa hasa katika nchi ya India. Huko, mwaka 2015, Facebook na kampuni moja ya simu walileta mpango ambao baadaye uliitwa Free Basics. Zambia, Tanzania na Kenya ulikuwa umekwisha kufika mwaka 2014. Mtu asiye na senti aliweza kusoma kurasa kadhaa bure. Kurasa nyingine zote, alipe.

Huenda msomaji akasema, "Cha bure kina ubaya gani?" Swali hilo si la kipumbavu, na mimi mwenyewe lilinisumbua. Mwenye dirisha moja si sawa na aliyefungiwa gizani. Lakini tutazame ni nani aliyeshika ufunguo. Masharti ya kuingia katika orodha ile yaliwekwa na Facebook. Tuseme kijana wa Bangalore amebuni programu ya kufundishia hesabu: hana budi kuyafuata, ama sivyo wasomaji maskini hawatamwona kabisa.

Wahindi walipeleka barua zaidi ya milioni moja kwa mamlaka ya simu ya nchi yao. Facebook nayo ikawahimiza watu wake waandike za kuunga mkono mpango. Tarehe 8 Februari 2016 mamlaka ikatoa amri: kampuni isitoze bei mbalimbali kwa kutazama mtu anasoma nini. Atakayevunja amri atatozwa rupia 50,000 kila siku, hata zifike 5,000,000. Nafasi iliachwa kwa wakati wa dharura tu. Baada ya siku chache Free Basics ikaondolewa India.

Na maskini je? Septemba mwaka huohuo kampuni mpya ya simu, Jio, ilifungua huduma yake, na bei za intaneti zikaporomoka kwa ushindani. Si amri ile iliyozishusha, tuseme kweli; ila mkulima aliyenunua kifurushi cha bei ndogo aliikuta intaneti yote imo.