Kutoka Salzburg hadi Berchtesgaden: Namna ya Kupanga Safari Binafsi ya Siku Moja

Safari binafsi yenye mwongozaji ni ile ambayo msafiri mmoja, familia au kikundi cha watu wanaofahamiana hukodi gari pamoja na mtu wa kuwaongoza kwa siku nzima, bila kuchanganywa na wageni wengine na bila kufungwa na ratiba ya basi la watalii. Katika Milima ya Alps utaratibu huo umeenea sana, na mojawapo ya njia zinazomfaa mtu mwenye siku moja tu ni ile inayotoka Salzburg, mji wa Austria, na kuingia Berchtesgaden, pembe ya kusini-mashariki ya jimbo la Bavaria nchini Ujerumani ambayo imezungukwa na ardhi ya Austria pande tatu. Umbali ni kilomita 25 hivi, lakini ndani ya eneo hilo dogo vimo ziwa lenye kina cha mita 190, mlima wa tatu kwa urefu nchini Ujerumani, machimbo ya chumvi yaliyoanza mwaka 1517, na mteremko ambako Adolf Hitler alijenga makazi yake. Jambo ambalo matangazo ya wauzaji wa safari hayaliweki wazi ni kwamba vivutio viwili vikuu vya huko, yaani ziwa Königssee na jumba la Kehlsteinhaus lililo juu ya mlima Kehlstein, haviwezi kutembelewa kwa gari binafsi: aliyelipa fedha nyingi na aliyekuja kwa basi la abiria hupanda mashua ileile na basi lilelile. Kinachonunuliwa hasa ni mpangilio wa saa na maelezo ya mjuzi, na kwa mambo hayo mawili ndipo safari hupimwa kama imestahili bei yake.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kumuuliza muuzaji halihusu aina ya gari, bali linahusu mtu atakayekaa nyuma ya usukani. Nchini Austria kazi ya kuongoza watalii ni taaluma inayodhibitiwa kisheria, na mtu haruhusiwi kuifanya kwa kujitegemea kabla ya kuthibitisha sifa zake, kwa kawaida kwa kufaulu mtihani. Nchini Ujerumani udhibiti wa namna hiyo haupo, ingawa anayebeba abiria kwa malipo hutakiwa kuwa na kibali maalumu cha udereva. Wapo madereva wanaoendesha vizuri lakini hawana la kueleza zaidi ya majina ya vilele, na wapo waongozaji wasiokuwa na gari ambao hulazimika kuja na dereva wa pili, jambo linalopandisha gharama. Dereva mwongozaji, kama anavyoitwa katika mbuga za Tanzania, ni mtu anayeunganisha kazi hizo mbili, na muuzaji anapaswa kusema kwa maandishi kama ndiye atakayetumwa. Maandishi hayohayo yaonyeshe kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, kama nauli ya mashua, ya basi la Kehlstein na tozo za barabara zimo ndani yake, na kila saa inayozidi hutozwa kiasi gani, kwa maana vitu hivyo vidogo vikijumlishwa kwa familia ya watu watano huweza kuwa mzigo usiotarajiwa.

Pasipoti isiachwe hotelini. Austria na Ujerumani zote zimo katika eneo la Schengen, yaani umoja wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka baina yao, na mwenye viza ya Schengen, hata ile ya kuingia mara moja, hahesabiwi kuwa ametoka anapovuka kutoka nchi moja hadi nyingine. Hata hivyo, tangu Septemba 2015 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mpaka wake na Austria, na msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anayesimamishwa barabarani bila hati zake atapoteza saa za asubuhi, ambazo ndizo saa bora za siku nzima.

Ubora wa saa hizo huonekana Königssee. Ziwa hili lina urefu wa kilomita karibu nane na limebanwa katikati ya kuta za mawe ambazo sehemu nyingi huzama majini moja kwa moja, hivyo kwamba hakuna barabara wala njia ya miguu inayolizunguka. Lilichongwa na barafuto, yaani mto wa barafu nzito unaosogea polepole na kukwangua bonde, katika zama za barafu. Tangu mwaka 1909 mashua za abiria huendeshwa kwa umeme, na kwa kuwa mashua za injini za watu binafsi haziruhusiwi, ukimya wa ziwa umehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja. Katikati ya safari nahodha huzima mota, msaidizi wake hufungua mlango wa pembeni, huinua tarumbeta na kupuliza vipande vifupi kuelekea kwenye ukuta wa jiwe. Husubiri, na ukuta humrudishia sauti yake kwa uwazi wa kushangaza, baada ya hapo kofia hupitishwa kwa abiria ili kila mmoja atie chochote. Zamani mwangwi huo uliamshwa kwa kufyatua baruti, na tarumbeta bila shaka ni nafuu kwa masikio na kwa wanyama pia.

Baada ya dakika 35 hivi mashua hutia gati St. Bartholomä, kanisa dogo lenye kuba nyekundu ambalo asili yake ni ya karne ya 12 na umbo lake la sasa ni la mwishoni mwa karne ya 17. Nyuma yake husimama ukuta wa mashariki wa mlima Watzmann, wenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka chini hadi juu, ambao ni miongoni mwa kuta ndefu kuliko zote katika Alps za mashariki. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuona kuwa kilele cha Watzmann, chenye mita 2,713, hakifiki hata nusu ya Kilimanjaro, na kwamba jumba la Kehlsteinhaus lenyewe, kwenye mita 1,834, liko karibu sawa na usawa wa Nairobi. Hesabu hiyo ni sahihi lakini haielezi anachokiona. Kilimanjaro ni volkeno iliyopanda taratibu juu ya tambarare, ilhali milima ya Berchtesgaden ni ya mawe ya chokaa yaliyojengwa na mashapo ya bahari ya kale, kisha yakasukumwa juu na kuchongwa, kwa hiyo huinuka ghafla mbele ya uso. Aidha, kwa sababu ya baridi ya latitudo za kaskazini, mpaka wa miti, yaani usawa ambao juu yake miti haioti tena, huko uko karibu mita 1,800, wakati msitu wa Kilimanjaro hufika karibu mita 3,000. Msafiri hupita kutoka malisho ya ng'ombe hadi mwamba mtupu kwa macho tu, bila kugeuza shingo. Mwongozaji atasimulia pia hekaya ya mfalme katili Watzmann aliyegeuzwa jiwe pamoja na mkewe na watoto wake, ambao ndio vilele vidogo vilivyo kati ya vile vikubwa. Hekaya hiyo husimuliwa kwa kila mgeni, na si kosa kuifupisha.

Mashua ya kwanza ya asubuhi ndiyo ya kupanda. Kufikia saa nne foleni ya kiangazi huwa imefika kwenye maduka ya kumbukumbu, na hapo faragha ya safari binafsi huisha, kwa sababu mwongozaji hana uwezo wa kumpitisha mteja wake mbele ya wengine. Anayetaka kufika hadi Salet, mwisho wa ziwa, na kutembea hadi ziwa dogo la Obersee, ajue kwamba matembezi hayo hula nusu ya siku na kwamba mashua haziendi huko majira ya baridi; akichagua hivyo, aiache Kehlstein.

Sehemu ya pili ya siku inahitaji uangalifu zaidi. Obersalzberg ni mteremko ulio juu ya mji wa Berchtesgaden, na kabla ya mwaka 1933 palikuwa mahali pa mashamba na nyumba za wageni. Hitler alikodi nyumba hapo mwaka 1928, akainunua mwaka 1933, kisha akaipanua mwaka 1936 na kuiita Berghof. Wenyeji waliondolewa, baadhi yao kwa ununuzi uliokuwa na shinikizo na wengine kwa vitisho vya wazi, na eneo lote likazungushiwa uzio likawa makao ya pili ya utawala wa Wanazi baada ya Berlin. Hapo ndipo Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, alipopokewa tarehe 15 Septemba 1938, majuma mawili kabla ya Mkataba wa Munich, uliompa Hitler sehemu ya Czechoslovakia. Ndege za Uingereza zililipiga eneo hilo mabomu tarehe 25 Aprili 1945, na serikali ya Bavaria ikayalipua magofu ya Berghof mwaka 1952 ili yasigeuke mahali pa kuhiji. Kilichobaki leo ni ukuta wa kuzuia udongo ndani ya msitu.

Kehlsteinhaus, ambayo wageni huiita Kiota cha Tai, ni jengo jingine, na mwongozaji anayeiita nyumba ya Hitler anapotosha. Ni jumba la mapokezi lililojengwa mwaka 1937 na 1938 kwa usimamizi wa Martin Bormann, mmoja wa wasaidizi wa Hitler, na Hitler alilitembelea mara chache tu. Barabara ya kilomita 6.5 iliyochongwa katika mwamba imefungwa kwa magari ya watu binafsi tangu mwaka 1952, hivyo wageni wengi hupanda mabasi maalumu kutoka Obersalzberg. Kisha hutembea katika handaki la mita 124 na kuingia katika lifti iliyofunikwa shaba iliyong'arishwa, ambayo huwapandisha mita nyingine 124 ndani ya mlima. Juu kuna mgahawa, na mandhari ambayo siku yenye anga safi hufika hadi Salzburg. Lakini katika jengo lenyewe maelezo ya historia ni machache mno, na hapa ndipo makosa ya kupanga hutokea: watu wengi hupanda, hupiga picha, hula keki na kushuka, wakiwa wameona anasa ya utawala huo bila kuona uliwatenda watu nini. Mpangilio unaofaa ni kuanza na Dokumentation Obersalzberg, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1999 chini ya kituo cha mabasi, ambalo maonyesho yake mapya ya mwaka 2023 yanaweka maisha ya starehe ya mlimani sambamba na mauaji yaliyoamriwa na watu haohao. Chini yake vimo vyumba vya mahandaki ya vita. Saa moja na nusu hapo haipotei, ingawa watoto wadogo hawatafaidika. Isisahaulike kwamba saluti ya Wanazi, hata ya mzaha mbele ya kamera, ni kosa la jinai Ujerumani na Austria pia, na wako wageni waliofunguliwa mashtaka kwa ajili yake.

Mabasi ya Kehlstein hufanya kazi takriban kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Oktoba, na hata katika miezi hiyo mawingu huweza kulifunika jumba kabisa. Kukiwa na ukungu asubuhi, msafiri amwombe mwongozaji ageuze ratiba na aende kwanza kwenye machimbo ya chumvi ya Berchtesgaden, ambako wageni huvaa ovaroli, huteleza kwa makalio juu ya mbao za wachimbaji na kuvushwa ziwa la chini ya ardhi. Chumvi huko haichongwi kwa sululu bali huyeyushwa kwa maji matamu, na maji hayo husukumwa kwa mabomba hadi Bad Reichenhall kwenda kukaushwa. Uhuru wa kugeuza ratiba namna hii ndio faida halisi ambayo basi la watalii haliwezi kuitoa.

Ikibaki saa moja kabla ya kurudi, itumike katika barabara ya Rossfeld, barabara ya tozo inayopanda hadi karibu mita 1,570 na kupita juu kabisa ya mpaka wa nchi hizo mbili. Kutoka huko njia ya miguu huelekea Purtschellerhaus, kibanda cha wapanda milima kilichojengwa kwenye mita 1,692, ambacho mstari wa mpaka hupita ndani yake. Ludwig Purtscheller, ambaye kibanda hicho kimepewa jina lake, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Salzburg, mashuhuri kwa kupanda Alps bila kiongozi wa kulipwa, na tarehe 6 Oktoba 1889 alisimama pamoja na Hans Meyer wa Leipzig juu ya kilele cha Kilimanjaro ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wa Ujerumani na ambacho sasa huitwa Uhuru. Kumbukumbu za Tanzania humtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaongoza. Si waongozaji wengi wa Salzburg wanaolijua jina hilo, na msafiri kutoka Afrika Mashariki anaweza kuwapa maelezo badala ya kuyapokea.

Kuhusu bakshishi, si lazima, lakini aliyehudumiwa vizuri kwa kawaida huongeza kidogo juu ya bei mwishoni mwa siku. Viatu viwe vya soli ya kushika, na koti lichukuliwe hata mwezi wa Julai. Anayelazimika kupunguza kitu katika orodha hii kwa sababu ya muda apunguze machimbo au Rossfeld. Anayelazimika kuchagua kati ya Kehlsteinhaus na Dokumentation Obersalzberg achague Dokumentation, kwa kuwa milima ataiona vilevile akiwa kwenye maegesho yake.