Udi, Kiyoyozi na Dirisha

SWALI: Bwana Tabibu, tuko watu saba katika chumba kimoja cha ofisi hapa Tanga. Kiyoyozi huwaka kutwa na madirisha hufungwa. Mmoja wetu akishikwa na mafua, juma haliishi ila sote tumeshayapata. Mzee wetu hufukiza udi kila asubuhi, akisema husafisha hewa. Je, yafaa?

JIBU: Udi una fadhila zake, nami naupenda, walakini moshi wake hausafishi hewa, bali huificha harufu ya uvundo, na mwenye pumu humzidishia dhiki. Ama kiyoyozi cha ukutani, ambacho ndicho aghalabu kilichomo maofisini mwetu, hakileti hewa ya nje, bali huivuta hewa ile ile ya chumbani, kikaipoza na kuirudisha, hata pumzi aliyoitoa mwenzako asubuhi ukaja kuivuta wewe adhuhuri.

Mtu akohoapo, au azungumzapo tu, hutoa vitone vya mate. Vilivyo vikubwa huanguka chini, na vilivyo vidogo mno hukauka vikabaki vikielea kwa saa kadhaa, na hivyo ndivyo vichukuavyo viini vya maradhi, hata vya kifua kikuu. Huko Lima, nchini Peru, wataalamu walipima vyumba vya hospitali nane, na mwaka 2007 wakatangaza ya kuwa milango na madirisha yakifunguliwa hewa hubadilika kiasi cha mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vinavyoingiziwa hewa ya nje kwa mitambo hukadiriwa mara 12. Tena majumba ya zamani, yenye dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda mapya. Waliotujengea majumba ya kale ya pwani hawakuwa wajinga.

Basi zimeni kiyoyozi mara kwa mara, mfungue madirisha yanayoelekeana ili upepo upite, na chujio la kiyoyozi lioshwe. Tazameni pia nyuma ya kabati na pale maji ya kiyoyozi yadondokeapo: mkiona madoa meusi, hiyo ni kuvu, nayo haiondoki kwa kupakwa rangi juu yake maadamu ukuta ungali na unyevu; zibeni kwanza panapovuja, ndipo msugue kwa sabuni.

Na mwenzenu ambaye kikohozi chake kimepita majuma mawili, mwambieni aende hospitali ya serikali akapimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu huko hutolewa bure.