Kabla ya Kupandisha Tangi la Maji: Je, Kilicho Chini Kitabeba?

Familia nyingi katika kaunti yetu zimenunua matangi ili kuvuna maji ya mvua au kuweka akiba ya siku ambazo mifereji hukauka. Wengi huulizia bei na idadi ya lita. Wachache huuliza swali la tatu: mahali tangi litakapokaa pana nguvu ya kutosha? Somo la toleo hili linajibu swali hilo.

1. Anza na hesabu
Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, sawa na mifuko 100 ya simiti iliyopangwa mahali pamoja. Tangi tupu huinuliwa na vijana wachache, na hapo ndipo wengi hukosea: jukwaa hujengwa kwa kuangalia tangi tupu.

Tangi hilo likiwa na upana wa mita 1.8, kila mita mraba iliyo chini yake hubeba karibu kilo 2,000. Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na vyombo kwa kila mita mraba. Kwa hivyo usiweke tangi kubwa kwenye roshani au juu ya paa la zege bila mhandisi kukagua. Wenye nyumba za wageni wanaotaka kuweka jakuzi kwenye roshani wafanye hesabu iyo hiyo, kisha waongeze uzito wa waogaji.

2. Udongo na msingi
Jukwaa la miguu minne likibeba tani 5, kila mguu hubeba zaidi ya kilo 1,250. Mguu uliochomekwa tu ardhini huzama. Chimba hadi ufikie udongo mgumu na umwage msingi wa zege. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo unahitaji ushauri wa mtaalamu. Bomba la maji yanayofurika lielekezwe mbali na msingi.

3. Jukwaa lenyewe
Mbao huliwa na mchwa, nacho chuma hushika kutu, hasa pwani. Miguu iunganishwe kwa vyuma vya mshazari ili isiyumbe. Tangi la plastiki likae juu ya sakafu bapa isiyo na mapengo, na lifungwe, kwani likiwa tupu upepo unaweza kuliangusha.

Kumbuka pia kuwa nguvu ya maji kwenye mfereji hutokana na urefu wa tangi kutoka chini, si ukubwa wake. Ikiwa una pampu, weka tangi kubwa ardhini na upandishe dogo la lita 500. Utapunguza gharama na hatari.

4. Jaza polepole, kagua mara kwa mara
Mara ya kwanza jaza robo, subiri, pima miguu kwa timazi, kisha endelea. Ukiona jukwaa limeinama, zege lina nyufa au kiungo kimeliwa na kutu, ondoa watu karibu. Punguza maji ikiwa unaweza kufikia mfereji bila kusimama chini ya tangi, kisha mwite mhandisi. Watoto wasicheze chini ya tangi, na nguo zisifuliwe hapo.

Kabla ya kujenga, fika katika ofisi ya mipango ya kaunti uulize kuhusu kibali, na umtumie mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya.

Zoezi la nyumbani: Soma idadi ya lita kwenye tangi lako na ugawanye kwa 50. Jibu ni idadi ya mifuko ya simiti inayoning'inia juu ya boma lako. Sasa tazama miguu inayoibeba.