SOMO LA MWEZI: DAUDI KWENYE MAJIVU YA SIKLAGI

Fungu la kusoma: 1 Samweli 27:1-7 na mlango wa 30 wote

Kabla ya kuendelea, tafadhali fungueni Biblia nyumbani na msome mlango wa 30 mpaka mwisho. Kama kuna mtoto anayejua kusoma, mpeni yeye asome kwa sauti. Ni habari ndefu kidogo, lakini watu wa hapa Nakivale wataielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu wakati huo Daudi alikuwa mkimbizi.

Alimkimbia Sauli akaingia nchi ya Wafilisti pamoja na wanaume 600, kila mmoja na watu wa nyumba yake. Akamwomba mfalme Akishi mahali pa kukaa, akapewa Siklagi. Sisi nasi tulipokelewa Uganda, tukapewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima, kwa hiyo jambo hilo halihitaji maelezo. Daudi alikaa huko mwaka mmoja na miezi minne. Watoto walizoea, na wanawake walijua maji yako wapi. Kisha siku moja wanaume wakarudi kutoka safarini wakakuta mji umechomwa moto, na wake na watoto wametekwa na Waamaleki.

Hasara ya pili ina uchungu wake. Ile ya kwanza, ulipoacha nyumba na ng'ombe huko Kongo au Burundi, ulisema moyoni, "Nitaanza upya." Ikija ya pili, unajiuliza kama kuanza upya kuna maana yoyote.

Nasema hivi kwa sababu yametupata. Familia yangu ilingoja safari ya Marekani kwa miaka mingi: mahojiano, vipimo vya afya, kuitwa tena na tena. Tukauza mbuzi wawili na viti, shamba tukamwachia jirani. Mwezi wa Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa, na yetu ikafutwa. Wengi wenu mnaijua habari hii kwa kuwa ni yenu pia. Mwaka uleule watu wengi katika makazi ya Uganda wakaondolewa kwenye mgao wa chakula. Nilisoma mlango huu nikiwa nimeketi juu ya begi lililofungwa.

Angalieni mstari wa 4. Walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia, nao walikuwa watu wa vita. Hakuna aliyewakemea. Tuna desturi mbaya kanisani: mtu akipatwa na msiba, siku ya pili tunamwambia akaze moyo, Mkristo halii hivyo. Mwacheni alie. Mungu hakumwuliza Daudi neno lolote mpaka kilio kilipokwisha.

Baada ya machozi yakaja mawe (mst. 6). Waliotaka kumpiga Daudi hawakuwa Waamaleki. Walikuwa wenzake, watu waliokula naye. Uchungu ukikosa pa kwenda humrukia aliye karibu. Kwangu mimi jiwe lilikuwa maneno. Nilimlaumu mke wangu kwamba ndiye aliyeharakisha kuuza mbuzi, na si kweli, tulikubaliana wote wawili. Kwa majuma mawili hatukuomba pamoja, ingawa kila Jumapili tulikaa benchi moja tukiimba.

Sasa tazameni sala yenyewe, mstari wa 7 na wa 8. Daudi alitafuta nguvu kwa Mungu wake, akamwita kuhani Abiathari alete naivera, lile vazi la kuhani lililotumika kutafuta shauri la Mungu. Akauliza mambo mawili: niwafuate hawa? Nitawapata? Zamani, kule Keila (mlango wa 23), alikuwa na tabia ya kumwuliza Mungu kila hatua. Lakini kuanzia mlango wa 27, alipoamua moyoni mwake kuhamia kwa Wafilisti, hatusomi popote kwamba aliuliza. Alikuwa amenyamaza muda mrefu. Akarudi kuomba akiwa amesimama kwenye majivu, na watu wameshika mawe. Naye Mungu akamjibu bila kumwuliza kwanza alikuwa wapi siku zote hizo.

Wengi wetu tukipata hasara tunaomba, "Bwana, rudisha." Si vibaya kuomba hivyo. Lakini Daudi aliuliza juu ya hatua inayofuata. Jioni moja mke wangu ndiye aliyeanza kuomba: Bwana, kesho asubuhi tufanye nini? Hatukusikia sauti. Asubuhi alichukua jembe akaenda kwa yule jirani. Mahindi yake yalikuwa yameshaota katika shamba letu, lakini alitupa ukingo wa chini, kule bondeni, mpaka avune. Tukapanda maharage. Ndivyo ilivyokuwa.

Njiani watu wa Daudi walimkuta kijana Mmisri, mgonjwa, ambaye hakuwa amekula wala kunywa siku tatu. Walimpa mkate na maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Baada ya kula ndipo wakamwuliza yeye ni wa nani. Akawaambia: mtumwa wa Mwamaleki, na Siklagi tuliichoma sisi. Simameni hapo kidogo. Walikuwa wamemlisha mmoja wa waliochoma nyumba zao. Katika makazi yetu tunapanga foleni ya maji pamoja na watu ambao ndugu zao walipigana na ndugu zetu. Siwezi kuwaambia kwamba jambo hili ni jepesi. Nawaambia tu kwamba Daudi asingeijua njia bila kijana yule, na kijana asingekuwa na nguvu ya kuwaongoza bila chakula kile. (Tena Daudi mwenyewe hakuwa na mikono safi, kwa maana mlango wa 27 unasema naye alikuwa akivamia miji ya Waamaleki.)

Tusiwasahau wale 200 walioshindwa kuvuka kijito cha Besori kwa kuchoka. Wengine wakasema wasipewe nyara. Daudi akakataa: aliyekwenda vitani na aliyebaki kulinda mizigo watagawana sawasawa. Mama mwenye presha asiyeweza kulima, na kijana aliyekata tamaa anayelala mchana kutwa, hao nao ni wa jeshi hili. Yule jirani alipovuna mahindi alituletea debe mbili. Sikuwa nimemwomba.

Neno moja juu ya mstari wa 18 na 19, ambapo Daudi alipata vyote. Wako wahubiri wanaouchukua kwenye mkesha wakiahidi kwamba kila kilichopotea kitarudi, na ukitoa sadaka kitarudi upesi zaidi. Mimi sikubaliani nao. Daudi huyuhuyu baadaye alifunga na kulala chini akimwombea mtoto wake mgonjwa, na siku ya saba mtoto akafa (2 Samweli 12). Akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, kisha akala. Mama aliyemzika mtoto wake Masisi au Fizi asiambiwe kwamba imani yake ilipungua. Hata Siklagi hatusomi kwamba ilijengwa upya mara ile. Walirudi na watu wao, wakakaa siku mbili mahali palipoungua (2 Samweli 1:1). Baadaye Daudi alimwuliza Bwana tena, akaenda Hebroni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au kwenye seli:

1. Ni jambo gani ambalo bado hamjalilia katika nyumba yenu, kwa kuwa mliambiwa mkaze moyo?

2. Je, kuna mtu mliyemshikia jiwe kwa ajili ya hasara ambayo hakuisababisha? Baba na mama wajibu kwanza, watoto wakisikiliza.

3. Ombeni pamoja swali la Daudi juu ya kesho asubuhi tu, msiende mbali. Kisha mwambiane mtakalolifanya, na nani atakayelifanya.

4. Nani katika mtaa wenu amebaki kwenye kijito cha Besori? Mavuno ya maharage yako karibu, amueni sasa kiasi mtakachompelekea.